Bibi Harusi wa Kure: Mapenzi Yaliyokuja Baada ya Ndoa



Hakuna jambo linalogawanya vikao vya jamii yetu huku ugenini kama suala la ndoa. Wazazi hushikilia kwamba ndoa ni ya koo mbili kabla ya kuwa ya watu wawili, na kwamba mapenzi huja baadaye, yakalelewa ndani ya nyumba. Vijana wetu, waliosoma na kukulia huku, hujibu kwamba haiwezekani mtu akaingia katika nyumba ya asiyemjua. Kila upande huleta mifano yake, na kikao huvunjika kama kilivyoanza.

Mwezi huu tumeona tuwaletee mfano usiotoka kwetu wala kwa wenyeji wetu. Unatoka Japani, tena umo ndani ya kitu ambacho wazazi wengi hukidharau, yaani filamu ya katuni.

Jina lake kwa Kijapani ni Kono Sekai no Katasumi ni, maana yake "Katika Pembe Hii ya Dunia". Katika nchi zinazosema Kiingereza inajulikana kwa jina la In This Corner of the World. Ilianza kuoneshwa Japani tarehe 12 Novemba 2016, nayo ina urefu wa dakika 129. Imetokana na hadithi ya picha iliyoandikwa na kuchorwa na Bibi Fumiyo Kouno, mzaliwa wa mji wa Hiroshima, iliyochapishwa kwa mfululizo kuanzia mwaka 2007 hadi 2009. Wajapani huziita hadithi za namna hii "manga". Neno hilo lisimbabaishe msomaji. Halihusiani na ile Manga ya wazee wetu, yaani Arabuni. Kwa Wajapani manga ni hadithi inayosimuliwa kwa picha zinazofuatana, nayo husomwa na wakubwa kwa wadogo.

Mwongozaji wa filamu ni Bwana Sunao Katabuchi. Matajiri hawakuwa na haraka ya kutia fedha zao katika kisa cha mke wa nyumbani anayepika na kushona wakati wa vita. Kwa hiyo mwaka 2015 umma uliombwa mchango, na watu zaidi ya 3,000 wakatoa yen zipatazo milioni 39. Filamu ilianza katika majumba 63 tu ya sinema, kisha ikaenea nchi nzima kwa sifa zilizotoka kinywa hadi kinywa. Mwaka 2017 ilipata tuzo ya majaji katika tamasha la filamu za katuni la Annecy, Ufaransa.

MWALI ASIYEJUA KAMA ANATAKA

Kisa kinamhusu binti aitwaye Suzu, aliyezaliwa mwaka 1925 katika mtaa wa Eba, pembezoni mwa Hiroshima, penye bahari. Jamaa zake huishi kwa kuvuna mwani na kuuanika, kazi ambayo akina mama wa Paje na Jambiani hawahitaji kuelezwa ugumu wake, ingawa wenzao wa Eba huufanya mwani wao kuwa chakula. Suzu ni mpole, msahaulifu, mwenye kuota ndoto mchana, na kipaji chake ni kimoja tu: kuchora.

Siku moja anaitwa nyumbani kwa haraka. Amekuja kijana kutoka mji wa Kure, pamoja na baba yake, kumposa. Kijana huyo, Shusaku, alikutana na Suzu mara moja tu walipokuwa watoto, akalishika jina lake miaka yote hiyo. Suzu hamkumbuki kabisa. Anaambiwa kwamba asipomtaka ana ruhusa ya kukataa. Lakini binti anajiuliza moyoni: atakataaje, na hata kama anamtaka au hamtaki hajui, maadamu mtu mwenyewe hamjui?

Hapa tunawaomba wazazi wasimame kidogo. Sisi Waislamu tunajua kwamba ndoa haisihi bila ridhaa, na kwamba mwali akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa kukubali. Hiyo ni hukumu iliyozingatia haya ya mwanamwali, wala hatuna la kuiongeza. Ila Suzu anatukumbusha kwamba kuna kimya cha haya na kuna kimya cha kutojua. Mzazi aliye mwangalifu hutofautisha baina ya viwili hivyo, wala hafanyi haraka kupiga vigelegele.

MGENI JIKONI

Mwezi wa Februari 1944 Suzu anaolewa, akahamia Kure. Mji huo uko kama kilomita 20 kutoka Hiroshima, na wakati ule ulikuwa miongoni mwa bandari kuu za manowari za Japani. Ndiko ilikoundwa manowari kubwa Yamato. Nyumba ya ukweni iko mlimani, juu ya bandari. Bavyaa ni mhandisi katika karakana za jeshi la majini. Mavyaa ni mwema lakini miguu yake inamsumbua, hivyo kazi zote za nyumbani zinamwangukia mkazamwana mgeni: kuteka maji, kuwasha moto, kupika, kushona, na kusimama katika foleni ya posho.

Kisha anarudi wifi. Huyu ni Keiko, dada yake Shusaku, mjane aliyekuwa maarufu kwa mitindo ya kisasa katika ujana wake. Amerudi na binti yake mdogo, Harumi. Mwanawe wa kiume amebaki kwa jamaa za marehemu mumewe. Keiko ana ulimi mkali. Anautazama uzembe wa Suzu, anamwambia arejee kwao Hiroshima. Suzu, kwa wema wake, anadhani amepewa ruhusa ya kwenda kuwaamkia wazazi, akashukuru sana. Watazamaji hucheka. Lakini alipofika kwao akalala usingizi, na alipoamka alisema alikuwa ameota kwamba ameolewa Kure. Tena ikagundulika kwamba katika kichwa chake pametokea kipara kidogo kwa ajili ya mashaka anayoyaficha.

Filamu haina kilio katika sehemu hii wala mtu mbaya wa kulaumiwa. Inaonesha tu kwamba binti mwenye tabasamu usoni anaweza kuwa ananyonyoka nywele kwa dhiki, na watu wa nyumba moja naye wasitambue.

Ni wangapi miongoni mwetu waliomleta mke wa kijana wao kutoka Unguja, Mombasa au Lamu, wakamweka katika ghorofa ya kumi, hajui lugha ya nchi, hana shoga wala jirani, kisha wakasema: "Alhamdulillahi, binti mtulivu huyu, hasemi kitu"? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumezidi kuwahi. Jembe tunampa uwanja wa ndege.

Suzu anajenga mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. Posho inapopungua anakwenda porini kuchuma majani, akayapika pamoja na punje chache za mchele. Anajaribu mapishi ya zamani ya kukaanga mchele kwanza ili ufure na uonekane mwingi. Jamaa wanakula kwa adabu, na nyuso zao zinasema yote. Anaificha sukari isiliwe na chungu, ikamtumbukia majini, na kwa bei za magendo hasara hiyo ilikuwa msiba. Anachora manowari zilizo bandarini, askari wa usalama wakamshika kwa tuhuma za ujasusi. Walipoondoka, nyumba nzima ikavunjika mbavu kwa kicheko, maana hapana anayeweza kumfikiria Suzu kuwa jasusi. Kicheko hicho ni alama kwamba mgeni ameanza kuwa mwenyeji.

MUME ASIYEULIZA

Shusaku ni mume mwema, karani wa mahakama ya jeshi la majini, mtu wa maneno machache. Upungufu wake ni kudhani kwamba anaujua moyo wa mkewe bila ya kumwuliza. Anafika kugundua kuwa Suzu alikuwa na rafiki wa utotoni, baharia wa manowari Aoba, na baharia huyo anapokuja kuwatembelea, mume anafanya jambo ambalo kwetu halina nafasi kabisa: anamlaza mgeni katika jengo la pembeni, kisha akamtuma mkewe huko na kufunga mlango wa nyumba. Kwa hisabu yake anamwachia nafasi aliyedhani kuwa ndiye kipenzi chake.

Suzu anajihifadhi, na baharia naye anaonesha uungwana. Lakini usiku ule ndipo Suzu anapotambua mambo mawili kwa pamoja: kwamba anampenda mumewe, na kwamba amemkasirikia kupita kiasi. Siku nyingine wakiwa safarini katika treni, baada ya mazishi ya kaka yake Suzu aliyekufa vitani, yanatoka yote. Wanagombana mbele za watu, kwa mara ya kwanza, kama mke na mume khasa. Msomaji atashangaa tukisema kwamba ugomvi huo ni miongoni mwa sehemu tamu za filamu. Ndipo tunapoona kwamba mapenzi yamekwisha kuingia, bila ya mtu kusikia mlango ukifunguliwa.

VITA INAPOINGIA NYUMBANI

Tarehe 19 Machi 1945 ndege za Marekani ziliushambulia mji wa Kure. Suzu, aliyekuwa shambani, anaona mizinga ikipasuka mbinguni kwa moshi wa rangi mbalimbali, na kwa jicho lake la mchoraji anatamani angekuwa na rangi na brashi. Tangu hapo ving'ora havikomi, na watu wanalala kwenye handaki.

Tarehe 22 Juni Suzu alikuwa akitembea na mtoto Harumi, amemshika mkono kwa mkono wake wa kuume, baada ya shambulio la karakana za majini. Bomu lililochelewa kulipuka likapasuka. Harumi akafa. Suzu akapoteza mkono ule ule aliokuwa amemshikia mtoto, nao ndio mkono wa kuchorea. Inajulikana kwamba Bibi Kouno alipofika hapo katika kitabu chake, alianza kuzichora picha za nyuma kwa mkono wa kushoto, ili dunia ya Suzu ionekane imepinda kama alivyoiona mwenyewe.

Keiko, kwa uchungu wa mwana, anamwita Suzu muuaji. Ni neno zito, na filamu haikulifuta upesi. Suzu naye anajiona hana kazi tena katika nyumba ile: mkono hana, mtoto amekufa, chakula hakitoshi. Anaamua kurejea kwao Hiroshima. Siku iliyopangwa ni tarehe 6 Agosti 1945.

NENO LA WIFI

Asubuhi hiyo Keiko anamsaidia Suzu kuvaa, kwa kuwa kwa mkono mmoja hawezi. Anazungumza polepole. Anasema kwamba yeye mume wake alimchagua mwenyewe. Akafiwa naye mapema, duka lao likabomolewa kwa amri za wakati wa vita, mwanawe yuko mbali, na sasa binti yake amekufa. Hata hivyo hajioni kuwa mwenye bahati mbaya, kwa kuwa njia aliichagua yeye. Anamwambia Suzu kwamba yeye amekuwa akienda alikoelekezwa na watu maisha yake yote. Nyumba hii ni yake akitaka kukaa. Asisikilize maneno ya watu, aamue mwenyewe.

Suzu anaamua. Anamshika wifi yake, akamwomba amruhusu abaki. Punde mwanga mkali unapita dirishani, kisha ardhi inatikisika, na juu ya milima upande wa Hiroshima linainuka wingu ambalo hawajapata kuliona. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kwa bomu lile moja. Mama yake Suzu alikuwa amekwenda mjini asubuhi hiyo, hakuonekana tena; baba yake alifariki mwezi wa Oktoba. Jirani mmoja wa Kure alipita karibu na maiti ya askari aliyejikokota kutoka Hiroshima, asijue kwamba ni mwanawe.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo pana kiini cha filamu. Suzu aliolewa mwezi wa Februari 1944, lakini ndoa hakuichagua mpaka asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Na aliyemfungulia mlango wa kuichagua ni wifi yake, mwanamke aliyejichagulia mume kinyume na desturi. Wazazi waliosema kwamba mapenzi huja ndani ya nyumba hawakusema uongo, na vijana wanaosema kwamba mtu lazima achague nao hawakukosea.

NASI TUMO

Huenda mtu akauliza: vita vya Wajapani na Wamarekani vinatuhusu nini? Tukumbuke kwamba wazee wetu walikuwamo. Katika mwezi ule ule wa Februari 1944 tunaoambiwa kwamba Suzu aliolewa, meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wakiwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huo huo vijana wetu wa K.A.R., walioamrishwa kwa Kiswahili, walipigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ya Waswahili wenzetu wa Kongo, na wachimbaji hawakuambiwa ni ya nini. Pembe za dunia zimeunganishwa kuliko tunavyodhani.

Filamu nayo haiwafanyi Wajapani kuwa malaika. Tarehe 15 Agosti, Mfalme wao alipotangaza redioni kwamba wamesalimu amri, Suzu analia kwa hasira shambani, akitambua kwamba hata chakula kilichomlea kilitoka nchi za ng'ambo zilizotawaliwa kwa nguvu. Na katika mji inaonekana bendera ya Korea ikipandishwa, maana msiba wa mmoja ulikuwa ukombozi wa mwingine.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Neno "katuni" lisiwadanganye. Filamu hii si ya watoto wadogo. Mna kifo cha mtoto, mna majeruhi wa bomu, mna mtaa wa wanawake wa biashara ambamo Suzu anapotea njia, na mna tukio lile la baharia. Ipo na toleo refu zaidi, la dakika 168, lililotoka tarehe 20 Desemba 2019, ambalo linaeleza kwa mapana habari za mmoja wa wanawake hao na Shusaku. Kwa familia tunaona lile la 2016 linatosha. Ibada na mila zao ni zao, nasi tuna zetu. Wazazi wakae pamoja na vijana wao waliobaleghe, watazame, kisha wazungumze. Mazungumzo ya baadaye ndiyo yenye faida.

TUNAYOCHUKUA

Dini yetu imeyaweka katika ndoa mambo mawili: mawadda, nayo ni mapenzi, na rahma, nayo ni huruma. Vijana hutafuta la kwanza na kulisahau la pili. Wazee hutegemea la pili na kulionea haya la kwanza. Suzu na Shusaku walianza kwa huruma ndogo ndogo, wakafika kwenye mapenzi. Mwisho wa filamu wanakutana katika magofu ya Hiroshima, na Suzu anamshukuru mumewe kwa kumtafuta na kumpata katika pembe hii ya dunia. Hapo anawajia mtoto wa kike, yatima, aliyefiwa na mama yake kwa bomu. Anamwona Suzu hana mkono wa kuume, kama mama yake alivyokuwa, anamgandama. Wanamchukua kwenda naye Kure. Na nyumbani, Keiko anafungua nguo za marehemu Harumi zilizohifadhiwa.

Basi tuwausie jamaa zetu mambo matatu. Mzazi, usikitafsiri kimya cha mwanao kabla hujakisikiliza. Mume, mwulize mkeo, usikisie. Na ninyi mawifi na mamavyaa, neno lenu moja linaweza kumfanya mgeni awe mwenyeji au akate tamaa. Kama nyumbani mwenu yumo bibi harusi aliyeletwa kutoka mbali, ingieni jikoni leo, mkamwambie kwamba nyumba ni yake akipenda kukaa. Kisha mwacheni ajibu kwa ulimi wake mwenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma, awarehemu waliokufa katika vita visivyokuwa vyao, na atuepushe na shari za vita popote tulipo. Amin.

Wassalaam.